Fimbo Inayolima: Nani Anafaa Kukupimia Weji?

"Mkubwa, fimbo yako inalima."

Kedi aliyenibebea mfuko alilisema hilo kwa upole, macho yake yakiwa kwenye bonge la nyasi lililoruka mbali kuliko mpira. Ilikuwa mwezi wa Mei, katika kilabu kimoja cha nyanda za juu za Kenya, chai imetuzunguka pande zote na ardhi imekunywa mvua hadi ikashiba. Mpira wangu ulikuwa umebaki hatua kama 20 kabla ya grini. Nilishika weji ya nyuzi 60, nikapiga vile ninavyopiga siku zote nyumbani Dar es Salaam. Ukingo wa fimbo ukazama udongoni, mpira ukasogea hatua mbili. Nikarudia. Ukasogea tatu.

Mapigo yale mawili hayakuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba weji ile ilikuwa ya kupimiwa. Nililipa, nikapanga miadi, nikapiga mipira saa nzima mbele ya rada na skrini, fundi akiandika namba zake, na baada ya wiki chache nikaletewa fimbo ambayo kwa kila kipimo ilikuwa yangu. Nyumbani, wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa ngumu na nyasi zimekatwa chini kabisa, ilinitumikia vizuri. Iweje basi fimbo iliyopimwa kwa mwili wangu inikatae kwa sababu tu nimepanda mlima?

Swali hilo nimelifuatilia kwa karibu miaka miwili, kwa mafundi, kwa makedi na kwa wachezaji walionizidi mbali, na leo ninaamini hivi: kupimiwa weji kuna faida ya kweli, ila nusu ya vipimo vyake iko chini ya miguu yako. Anayekupimia bila kuuliza unacheza kwenye nyasi gani na mchanga wa namna gani, amepima nusu tu.

Kwa msomaji asiyecheza gofu, weji ni zile fimbo fupi nzito ambazo uso wake umelala sana, ili mpira upande juu haraka na kutua bila kukimbia. Sheria inamruhusu mchezaji kubeba fimbo 14 tu. Wengi hubeba weji tatu au nne kati ya hizo: ya kupichi inayokuja na seti, ya pengo, ya mchanga, na ile ya kurusha mpira juu kabisa ambayo huitwa lobu. Dreva, ile fimbo ndefu ya kuanzia shimo, ndiyo hupigwa picha na kusimuliwa kwenye baa. Lakini mchezaji wa kawaida hukosa grini mara nyingi kuliko anavyoipata, na kila anapoikosa mkono wake huenda kwenye weji.

Dukani, macho hukimbilia namba kubwa iliyochorwa kwenye fimbo: 52, 56, 60. Hizo ni nyuzi za mwinamo wa uso. Namba ya pili, ndogo, iliyo karibu nayo, 4 au 8 au 14, wengi huipita. Hiyo ndiyo baunsi, na weji ya mchanga ilizaliwa kwa sababu yake.

Gene Sarazen alikuwa Mmarekani mtoto wa wahamiaji wa Kiitalia, tayari bingwa wa mataji makubwa, lakini mchanga ulikuwa ukimtesa. Fimbo iliyotumika enzi hizo kutoka kwenye banka, lile shimo la mchanga, iliitwa nibliki. Ukingo wake ulikuwa mwembamba na ulizama mchangani kama kisu kwenye mkate. Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja alikuwa ndani ya ndege pamoja na rubani Howard Hughes, akaona jinsi kipande cha mkia kinavyoshuka na ndege ikapanda. Akarudi kwenye karakana yake Florida, akayeyusha risasi ya kulehemu, akaijaza nyuma ya soli ya nibliki, akapiga, akakwangua, akapiga tena, mpaka sehemu ya nyuma ya soli ikakaa chini kuliko ukingo wa mbele. Sasa fimbo ikigonga mchanga haikuzama. Iliteleza chini ya mpira na kuibuka upande wa pili. Mwaka 1932 alikwenda nayo Prince's, Sandwich, kwenye mashindano ya Open ya Uingereza, na inasimuliwa kwamba siku za mazoezi aliiweka kwenye mfuko kichwa chini, wakubwa wa mashindano wasije wakaiona na kuipiga marufuku. Alishinda kwa mapigo matano.

Angalia alichokigusa Sarazen. Hakulaza uso zaidi wala kurefusha mpini. Alibadilisha tumbo la fimbo. Miaka zaidi ya 90 imepita na bado tunaingia dukani tukiuliza nyuzi za uso, tumbo tunalisahau.

Ukitaka kuiona baunsi, chukua weji yoyote uisimamishe juu ya meza kama unavyoisimamisha nyuma ya mpira. Ukingo wa mbele haugusi meza. Umenyanyuka kidogo, na kinachogusa ni tumbo la soli. Pembe inayopatikana hapo ndiyo baunsi. Yenye nyuzi 4 hadi 6 ni ndogo, 7 hadi 10 ni ya kati, na kuanzia hapo kwenda juu ni kubwa. Kubwa hufanya kazi kama tumbo la dau, likikutana na kitu laini linapanda juu yake. Ndogo hufanya kazi kama kisu, na kisu ni kizuri pale ardhi inapokuwa ngumu, kwa sababu tumbo kubwa kwenye ardhi ngumu hudunda na ukingo ukaupiga mpira katikati, ukaona mpira unapita grini nzima kama risasi.

Kuna jambo la tatu ambalo namba haisemi, nalo ni mchongo wa soli. Mafundi kama Bob Vokey wa Titleist na Roger Cleveland walijipatia jina kwa kukaa kwenye jiwe la kunolea, wakipunguza chuma kidogo kisiginoni, kidogo nyuma, ili mchezaji aweze kuufungua uso wa fimbo bila ukingo kunyanyuka mno. Weji mbili zenye uso wa 58 na baunsi ya 10 zinaweza kuchezeka tofauti kabisa kwa sababu ya mchongo huo. Hapa ndipo karatasi ya duka inapoishia na mkono unapoanza.

Rudi sasa kwenye yale mashamba ya chai. Nyasi zilizonishinda pale ni nyasi za Kikuyu, na asili yake ni nyanda hizi hizi za juu za Afrika Mashariki. Hata jina zililopewa duniani limetoka kwa wenyeji wa huko. Hutambaa juu na chini ya ardhi, hushonana kama mkeka mnene, hushika maji. Kwenye feawei hukuwekea mpira juu kama umepandishwa kwenye kibao, raha tupu. Kando ya grini ni habari nyingine: mpira ukidundishwa mbele yake unakwama, na fimbo yenye ukingo mkali inashikwa shingoni.

Mwanzoni mwa karne iliyopita nyasi hizi zilipelekwa California kuzuia mmomonyoko wa udongo. Zikapenda, zikasambaa, zikavamia viwanja, na leo uwanja wa Riviera, Los Angeles, ambako wachezaji bora wa Marekani hukutana karibu kila Februari, unajulikana kwa nyasi hizo. Wachezaji wale wana kila kipimo cha miili yao. Hata hivyo, kila wanapofika uwanja mpya utawaona siku za mazoezi wakijaribu weji kando ya grini, na wengi hubadilisha soli kulingana na ardhi waliyoikuta. Kwao hilo si ajabu. Kwetu, ambao nyasi zile zimezaliwa hapa, tunapimiwa kwenye zulia.

Na zulia ndilo kiini cha malalamiko yangu. Chumba nilichopimiwa kilikuwa na mashine nzuri, na sina shaka na namba zake kuhusu kasi, urefu na mzunguko wa mpira. Kwa dreva, kipimo cha namna hiyo kinatosha, maana dreva haigusi ardhi. Kwa chuma namba 7 kinatosha kiasi. Kwa weji, zulia la plastiki juu ya saruji linasema uongo. Ukigonga inchi moja nyuma ya mpira, fimbo inateleza na kufika kwenye mpira kana kwamba hujakosea. Baunsi ndogo na kubwa zinaonekana sawa. Skrini inakupongeza. Ukitoka nje kwenye udongo uliolowa, ile inchi moja inadaiwa yote.

Fundi wa pili niliyemwendea alinipokea kwenye uwanja wa mazoezi wa kilabu, jua la asubuhi, ndoo ya mipira na banka moja dogo. Kabla hajaniona nikipiga, alizitoa weji zangu zote mfukoni akazipindua. Alikuwa akisoma mikwaruzo ya soli, kama fundi viatu anavyosoma raba iliyolika upande. Kwenye weji yangu ya 52, ya mtumba, mikwaruzo ilikuwa imelundikana kwenye ncha. "Hii imekulalia chini mno," akasema. "Ncha inagusa kwanza. Mipira yako mifupi inaenda kulia, au siyo?" Ilikuwa inaenda kulia. Kwa miaka mingi niliamini ni mkono wangu.

Mlalo ni ile pembe kati ya mpini na ardhi, na kwenye weji una uzito kuliko watu wanavyodhani. Uso ukiwa umelala sana, kosa dogo la mlalo hugeuka kuwa kosa la mwelekeo: ncha ikiwa chini, mpira wa mtu wa mkono wa kulia huenda kulia, ncha ikiwa juu, huenda kushoto. Alinionyesha jaribio ambalo mtu anaweza kulifanya bila mashine yoyote. Chora mstari wima kwa kalamu ya wino mzito upande wa mpira utakaopigwa, ulenge uso wa fimbo, upige. Wino utaacha alama usoni. Ikisimama wima kukata mifereji sawasawa, mlalo ni mzuri. Ikiinama, fimbo haikufai ilivyo.

Kisha akanipigisha. Mipira kumi kutoka kwenye nyasi fupi, kumi kutoka kwenye nyasi ndefu, sita mchangani, mingine kwenye kipande alichokuwa amekimwagia maji makusudi. Mpira ulikokwenda hakuutazama sana. Alitazama mashimo niliyoyaacha. Wapo wachezaji wachimbaji, wanaoshuka kwa pembe kali na kung'oa bonge, na wapo wafagiaji, wanaopita wakikata ncha za nyasi tu. Mchimbaji anahitaji tumbo la kumzuia asizame. Mfagiaji likimzidi tumbo atadunda. Mimi ni mchimbaji, na ardhi ikilowa nachimba zaidi, na fundi wangu wa kwanza alikuwa amenipa kisu cha baunsi ya nyuzi 4.

Kuhusu uchaguzi wa nyuzi zenyewe, siri iko kwenye fimbo ambayo huinunui. Tazama weji ya kupichi iliyokuja na seti yako. Zamani ilikuwa kwenye nyuzi 48 au hata 50; seti nyingi za siku hizi zimeisimamisha hadi 45, 44, wakati mwingine 43, ili mnunuzi aone mpira unakwenda mbali. Ukiichukua seti ya namna hiyo na kuongeza weji ya mchanga ya 56 kwa mazoea, umeacha shimo la nyuzi kama 12 katikati, na umbali wote ulio ndani yake itabidi uupige kwa kubahatisha nusu pigo. Panga hatua za nyuzi 4 hadi 6 kutoka hapo ulipo. Halafu nenda uwanjani asubuhi isiyo na upepo, piga mipira kumi kwa kila weji, tupa mirefu miwili na mifupi miwili, pima inayobaki. Karatasi hiyo yenye yadi zako mwenyewe mpelekee fundi. Asiyetaka kuiangalia, usimlipe.

Anayecheza Pwani na bara aandike karatasi mbili. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, na kwenye hewa nyepesi mpira huenda mbali zaidi, lakini mzunguko wake haushiki hewa kama Mombasa, kwa hiyo haupandi juu sana na hutua ukiwa na haraka. Mtu wa Nyali, Mombasa, akipanda Karen, Nairobi, anaweza kuona weji yake imemsaliti, kumbe ni hewa.

Kuna pingamizi ambalo nimelisikia kila nilipolizungumza jambo hili, na linatoka kwa watu wenye haki ya kulitoa. Seve Ballesteros, wananiambia, alijifunzia ufukweni Pedreña, Hispania, na chuma namba tatu kikuukuu, akaja Kenya Open ya mwaka 1978 akaondoka na kombe. Ni kweli. Na wachezaji wetu wa kulipwa, wengi wao walioanza kama makedi, walijifunza kwa fimbo zilizotupwa na wengine. Lakini Seve alikuwa akiutengeneza mwinamo na tumbo kwa mikono yake. Ukiufungua uso wa fimbo unaongeza vyote viwili, na yeye aliufungua kwenye mchanga wa bahari maelfu ya mara tangu utotoni. Mtu anayecheza Jumamosi mbili kwa mwezi hana utoto wa kurudia. Fimbo iliyo sahihi inamfanyia sehemu ya kazi ambayo Seve aliifanya kwa viganja.

Je, pesa? Weji moja mpya ya kampuni kubwa huuzwa Marekani kwa karibu dola 180 hadi 200, na mpaka ifike hapa kuna usafiri na ushuru juu yake. Tatu za namna hiyo ni karo ya muhula kwa familia nyingi. Kwa hiyo sitamwambia mtu yeyote akimbilie seti mpya. Kama bado unajifunza kuugusa mpira kabla ya ardhi, na pigo lako la leo halifanani na la jana, kipimo cha leo hakitakufaa kesho; nunua weji moja ya mtumba ya 54 au 56 yenye baunsi ya kati, ulipe mwalimu kwa kinachobaki.

Wapo watu, hata hivyo, ambao ningewaambia wapimiwe hata kabla ya kununua. Mrefu sana au mfupi sana. Na wanawake, hasa. Mara nyingi sana nimeona dada au mama amerithi seti ya mume au kaka, mpini mrefu na mzito, mlalo wa mtu mwingine, kisha kila Jumapili anaambiwa tatizo ni mkono wake. Dakika 20 za kuangaliwa na fundi anayejali zingemwondolea lawama ambayo haikuwa yake.

Na mtumba unapimika. Hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Weji nyingi zimetengenezwa kwa chuma laini, na fundi mwenye mashine ya kukunjia anaweza kuubadilisha mlalo au mwinamo kwa nyuzi moja au mbili. Kuna hesabu moja ya kukumbuka: ukisimamisha uso kwa nyuzi 2, baunsi nayo inapungua 2, ukiulaza, inaongezeka. Ile 52 yangu alininyanyulia mlalo na kuisimamisha iwe 51, mbele yangu, kwa bei ya chakula cha mchana. Tazama pia mifereji ya uso kabla ya kununua mtumba. Pitisha ukucha, usipokwama hata kidogo, uso umechoka, na mpira utateleza badala ya kuzunguka. Watengenezaji hutaja raundi 75 kama wakati wa kufikiria kubadilisha. Kwa anayecheza mara mbili kwa mwezi hiyo ni miaka mitatu na zaidi, ila anayefanya mazoezi ya banka kila jioni kwenye mchanga wa Pwani asingoje kuhesabu raundi.

Niliishia kununua fimbo mpya moja tu: 56 yenye baunsi 14 na soli pana. Pamoja na ya kupichi ya 46 na ile 51 iliyokunjwa, hatua zangu ni tano tano. Ile 60 ya baunsi 4 sikuiuza. Inakaa nyumbani Dar, na kiangazi kikianza, ardhi inapopasuka kando ya grini, inaingia mfukoni na kufanya kazi yake bila kosa.

Mwezi wa Mei uliofuata nilirudi kwenye kilabu kile cha juu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kwenye shimo la nne mpira wangu uliishia kwenye Kikuyu, kabla kidogo ya grini, karibu pale pale pa mwaka uliotangulia. Nilimwomba kedi yule yule anipe 56. Aliitoa, lakini hakunipa mara moja. Aliipindua, akapitisha kidole gumba kwenye soli kutoka kisigino hadi ncha, akanitazama.

"Hii hailimi," akasema, akanikabidhi, akaenda kushika bendera.